Kopo la Kahawa la Máhtte

Lilikuja ndani ya kopo la kahawa,
limezungushiwa gazeti, limeshindiliwa theluji,
na kijikaratasi: *Jike, miaka minne.
Hakuanguka. Alikaa chini tu, akakataa kuinuka.*

Ini la kulungu wa kaskazini.
Gramu mia tisa na kumi.
Kingo laini, rangi yake ile ile ya siku zote,
hakuna doa, hakuna uvimbe.
Daktari wa mifugo alikwisha liandikia: *zima*.
Simlaumu. Jicho huona nyama.

Nikakata kipande mfano wa ukucha wa gumba,
nikakisaga juu ya barafu,
nikaziachia protini zikimbie ndani ya jeli, umeme ukizisukuma,
nyepesi zikitangulia, nzito zikijikokota nyuma,
kama kundi lake livukapo mto mwezi wa Aprili.
Usiku kucha. Mashine, mimi, na biskuti zilizochacha.

Asubuhi buluu ikashika.
Kando nililaza ini la bonde la pili,
kule ambako moshi wa tanuri la nikeli haufiki.
Nukta kwa nukta.

Kuna protini moja ndogo, kazi yake kukamata metali
na kuifunga mikono.
Kwa yule wa bonde la pili ni alama ya penseli, ya kutafuta kwa miwani.
Kwa jike la Máhtte ni wino uliomwagika:
mwili uliita walinzi, wakaja,
ukaita tena, wakaja tena,
na nukta nne nyingine, ambazo hazikosekani kwa mzima,
hazipo.

Sumu yenyewe sikuiona.
Niliona jeshi lililotumwa kuizuia, na nyumba zilizobaki tupu.

Nilimpigia saa nne. Mbwa walikuwa wakibweka.
Nikaanza na asilimia. Akanikatiza:
"Ragnfrid, na yule wa wiki iliyopita?
Ini lake mama alilila Jumapili. Na viazi."

Nikatazama jeli, kana kwamba ingenisemea.
Kilicholiwa hakiji kwenye kopo.
Tangu jana nilikuwa nimekata ini moja kwa wembe;
sasa, kwa simu, bila kisu,
nimemkata mtu maini.

Alikohoa. Akauliza kama kopo ninalo bado.
Ninalo, nimeliosha.
"Basi lirudishe na basi la jioni," akasema.
"Kuna ndama amekaa chini."