Mia Tisa

Fundi Sikujua analipa elfu tatu kwa mwezi
kwa programu niliyoiandika Sinza, chumba cha uani,
inayomtunzia kifua cha bibi harusi, kiuno,
urefu wa mkono, na nani hajamalizia deni la kitenge.

Elfu tatu inatoka Mtaa wa Narung'ombe,
inapanda mahali nisipopajua,
inanishukia ikiwa elfu mbili na mia moja.
Mia tisa imebaki mlangoni.

Sokoni Kariakoo mtoza ushuru namjua.
Ana koti la kijani, ana kikohozi, ana stakabadhi;
ukimlalamikia choo atakujibu vibaya, lakini atakujibu.
Huyu wa mia tisa hana kikohozi.
Nilimwandikia mara tatu. Akajibu asante,
asante ileile, mkato uleule.

Basi nikaongeza mstari mmoja chini ya ukurasa:
Unaweza kulipa moja kwa moja kwa simu.
Maneno saba. Toleo likarudishwa usiku uleule.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Tulikuja. Mwenyeji kapona, kanenepa,
sasa anayeumwa ni mgeni.

Na kompyuta yangu nayo imechoka.
Nikaipeleka kwa Hizza, ghorofa ya pili, Mtaa wa Aggrey,
mashine arobaini na mbili rafuni
kama vitabu vya wakili aliyefariki.
Mwaka juzi ziligombewa. Leo mteja hajaketi
keshauliza: ina chipu ipi?

"Ni mama lishe," anasema Hizza, bisibisi mdomoni,
"kila alfajiri ananunua unga kwako,
siku moja unasikia kinu kinanguruma uani kwake.
Na ugali, haki ya Mungu, umekuwa mtamu zaidi."

Hapo ndipo panapomuuma. Mtamu zaidi.
Betri inakesha, feni haipigi kelele, mapaja hayaungui;
atamdanganyaje mteja?
Ila ikifa, imekufa. Akaifungua moja nione:
kumbukumbu na chipu vimeungwa kitu kimoja,
hakuna pa kuingiza hata ukucha.
"Zamani nilikuwa tabibu," akasema,
"siku hizi nasoma khitima."

Yangu haipokei tena mfumo mpya,
na bila mfumo mpya Duka halipokei kazi yangu.
Mpya ni milioni tatu na laki mbili.

Nikapiga hesabu nyuma ya risiti yake.
Mafundi mia mbili na kumi na mmoja,
miezi kumi na saba, mia tisa, mia tisa.
Nikarudia, nikidhani nimekosea sifuri.
Mashine hiyo nilishainunua.
Niliwanunulia wao.

Simu ikalia. Sikujua:
"Programu yako imegoma, mwanangu,
na bibi harusi kasimama hapa na pini mwilini.
Nishikie kichwani. Kiuno, thelathini."

"Thelathini," nikasema,
nikaiandika palepale, chini ya hesabu.