Kilo Kumi na Moja na Ushee

Bwana Oldroyd ameviweka vyote juu ya kaunta:
kushoto kisanduku kimoja, cheusi, kimya kama karani,
kulia pedali zangu saba, nilizokuja nazo
kwenye mfuko wa nepi wa Salha alipokuwa mchanga.
Una vijaluba vingi. Kila pedali ina kitanda chake.

"Usiwe na haraka," anasema, na kurudia chai yake.
Nje mvua ya Sheffield inateremka mtaa
kuyapita magari.

Kwanza hesabu za mgongo.
Kutoka kituo cha tramu hadi baa tunayopiga Alhamisi
ni mlima. Mji huu wote ni mlima,
hata ukishuka unapanda.
Saba, na ubao wake, na adapta, na nyaya:
kilo kumi na moja na ushee.
Mwezi wa pili niliteleza kwenye barafu pale kanisani,
nikaanguka nimezikumbatia, kiwiko kikachubuka,
na mpita njia akauliza: mtoto yu mzima?

Halafu nyaya. Pedali saba ni nyaya nane,
nyaya nane ni midomo kumi na sita,
na mdomo mmoja ukinuna, yote imenuna.
Watu wanangoja. Parveen anapiga besi peke yake
kama mtu anayezungumza na ukuta kwa adabu,
mimi nimepiga magoti, simu inayomulika mdomoni,
nikigusa mmoja mmoja: ni wewe? ni wewe?

Sasa hiki. Nakanyaga.
Kinanipa ukumbi. Nakanyaga tena, kinanipa pango,
bomba la chuma, redio chini ya maji.
Sauti mia mbili hamsini na sita, kila moja na namba yake
kama wagonjwa wa wodini kwetu.
Waya mmoja unaingia, mmoja unatoka.
Kitakaa begini pamoja na chakula changu cha zamu ya usiku.

Lakini kina skrini.
Nataka mwangwi upungue kidogo tu:
nafungua mlango, ndani kuna mlango,
ndani ya mlango orodha, ndani ya orodha asilimia,
na nikitoka nimeshasahau nilikuwa napiga nini.
Ile ya bluu naipunguza kwa kidole gumba cha mguu,
gizani, katikati ya ubeti.
Kitufe chake kimelegea kama jino la darasa la kwanza
na bado kinajua pa kusimama.

Kidole kimoja hakivunji chawa, tulifundishwa.
Hatukuambiwa habari ya kidole kimoja
chenye vidole mia mbili hamsini na sita ndani yake.

Na hii ya mkwaruzo, rangi imebanduka,
sijui hata ilitengenezwa na nani.
Hushika mawimbi isiyoyaitwa.
Usiku mmoja, kwenye kipande kile cha polepole,
nimenyamaza ili ukimya ufanye kazi yake,
amplifaya ikasema kwa sauti ya mwanamke aliyechoka:
*gari kumi na nne, abiria wako yuko Hillsborough, anangoja mvuani.*
Baa nzima ikacheka. Parveen akajibu kwa noti mbili za chini,
kama dereva anayesema naja.
Hatujawahi kupiga vizuri vile.

"Hiki kinaweza hivyo?" namuuliza Bwana Oldroyd.
Hacheki. Anavaa miwani, anafungua kitabu cha maelekezo,
anapitisha kidole ukurasa hadi ukurasa,
mpaka chai inapoa.
"Labda namba mia na tisini," anasema. "Sina hakika."

Saa kumi na moja u nusu anageuza kibao cha mlangoni.
Nimelipa kisanduku kwa kadi, mafungu sita.
Na zile saba nimezirudisha kila moja kitandani mwake,
nikavuta zipu.

Mwanaisha atauliza.
Nitamwambia nilikwenda kuchagua.
Kilo kumi na tatu sasa, na tramu imenipita,
na mlima uko palepale.