Maji ya Jumanne

Umoja, ghorofa ya nne. Maji huja Jumanne
saa nane za usiku, yakikohoa kwanza ndani ya bomba
kama mtu aliyebisha hodi akajuta.
Mama huyasikia kabla hayajafika.
Ana mitungi sita ya manjano, zamani ya mafuta ya kupikia,
kila kifuniko kimefungwa kwa uzi,
maana kifuniko kikipotea, husema, mtungi umekufa.

Mimi ndiye niliyerudi.
Majirani huniuliza habari za Urusi.
Nasema haikuwa Urusi, ilikuwa Jojia.
"Ile ya Marekani?"
Nasema ndiyo, nipate kupita na ndoo.

Tkibuli. Mji wa makaa ya mawe:
makaa yakaisha, mawe yakabaki.
Shule ilikuwa na madarasa kumi na mawili
na watoto wa kujaza manne.
Nilifundisha Kiingereza, lugha isiyo yangu wala yao,
chini ya ramani ya dola iliyokwisha kufa
iliyobandikwa juu mno, na ngazi ilishaibwa.

Kujitolea: nilidhani ni kutoa.
Neno lenyewe, ukilisikiliza, ni la kisimani.
Unajishusha kwa kamba yako,
unajichota,
na hujui utapanda umejaa au mtupu.

Tsiala alinipa chumba. Alikuwa karani wa mgodi,
nishani zake mbili zilikaa kwenye bakuli la vitunguu saumu.
Syombua lilimshinda, au alikuwa na haraka.
Kwetu Mwingi ni jina la mtoto aliyekuja na mvua;
yeye akaikata mvua, akabakiza Sio.
Sio, kula. Sio, funga mlango, baridi.
Mwaka mzima nikaitikia kikanushi.

Na ile hodhi.
Hodhi ya kuogea, imejaa mpaka ukingoni usiku na mchana,
na ole wake atakayeingiza mguu.
Tulioga kwa kopo, tumesimama kando yake kama wageni.
Lakini bomba linatoka! Nililifungua nimwonyeshe.
Akalifunga.
Akanionyesha vidole: tisa, kisha vitatu.
Akawasha kiberiti, akakitazama, akakizima.
Sikuhitaji mkalimani. Nimelelewa na mitungi sita.
Akanifundisha neno, tskali,
kokoto tatu mdomoni na mwisho wake kali.
Ndivyo nilivyolikumbuka: maji, makali.

Januari mabomba ya mtaa mzima yaliganda.
Walikuja na masufuria, na vyungu, mmoja na kofia ya mgodini.
Tsiala akawapimia kopo kwa kopo huku akiwatukana,
uso umemwiva kwa furaha.
Miaka yote hiyo alikuwa akiingoja siku hiyo, naapa.
Mimi nilishika taa.
Nikiulizwa nilipeleka msaada gani ng'ambo,
ndio huo: nilishika taa.

Leo Natia wa ghorofa ya chini ameniandikia.
Wamemzika Jumapili. Wapwa wanauza nyumba.
Mnunuzi hataki hodhi, anataka bafu la manyunyu,
ila hodhi bado imejaa
na hakuna aliye na moyo wa kuvuta kizibo.
Anauliza: yale maji tuyafanye nini?

Nimeandika mwagilieni mzabibu. Nimefuta.
Nimeandika yaacheni. Nimefuta.
Simu imezimika mkononi.

Saa nane bomba likakohoa.
Nikajaza sita. Kisha nikaitoa ndoo ya kufulia,
nikaijaza mpaka ukingoni,
nikaiweka peke yake kando ya mlango
mahali ambapo lazima mtu ajikwae.
Mama, leso kichwani, macho nusu:
"Na hiyo ya nani?"
"Ya Sio."
"Sio nani?"
Akasimama pale, mkono kwenye bomba,
akingoja nimalize.