Kipimo cha Arobaini na Moja

Mchana natengeneza meno.
Meno ya mzee Shota, meno ya mke wa mwoka mikate,
nta, plasta, kisha kusugua
hadi jino lisahau kwamba halikuota.
Usiku naketi mbele ya mengine,
themanini na manane, meupe yamegeuka manjano kama ya mvuta tumbaku,
nayo hayanijui.

Kurasa kumi na moja.
Nilizikuta sokoni Kutaisi, karibu na daraja,
kwa muuza vikombe aliyekuwa akivifungia kwa karatasi za muziki.
Nikamwambia hizi usifungie, nipe.
Akanitazama mikono.
"Hizi ni za watu wenye vidole," akasema.

Nina miaka hamsini na mitatu. Vidole ninavyo, vyote kumi,
ila cha nne cha kushoto
hakijafanya kazi peke yake tangu nizaliwe.
Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa;
hawakutuambia la kufanya
vidole tisa vinapokingoja kimoja kilicholala.

Kipimo cha kwanza hadi cha arobaini: miezi mitano.
Kisha pale.
Mkono wa kulia unahesabu tatu, wa kushoto nne,
ndani ya pumzi moja,
mafahali wawili, na zizi lenye upana wa sekunde.
Nikimtuliza huyu, yule keshavunja ua.

Chini yangu, ghorofa ya tatu, anakaa Bi Lamara,
aliyefundisha piano miaka thelathini
hadi paa la shule liliposhindwa na mvua.
Lipo bomba la chuma linalopita vyumbani mwetu sote.
Halijabeba joto tangu nikiwa kijana.
Linabeba kijiko cha Lamara.
Ngo: umekosea.
Ngo, ngo: umekosea, umejua, na bado umeendelea.
Mara tatu hajawahi kupiga. Sijui ingekuwa na maana gani.

Nilikutana naye mlangoni pa lifti, akitafuta sarafu.
"Punguza mwendo," akasema.
"Nimepunguza."
"Punguza hadi uone aibu."

Nikapunguza. Nota moja,
hapo ungeweza kumenya chungwa,
kisha nota ya pili.
Binti yangu Nestan alipiga simu kutoka Thesaloniki,
akasikiliza kidogo, akauliza kama piano imeharibika.

Novemba Lamara akaenda Zestafoni kwa dada yake.
Nikacheza bila hakimu. Nikafika palepale, nikaanguka palepale,
na bomba likalia:
ngo.
Kumbe ni Vazha wa ghorofa ya tano, miaka tisa, na uma mkononi.
Hajui nota hata moja.
Anajua tu ninapoangukia.
Na mke wa mwoka mikate, akipanda ngazi na viazi vyake,
huuimba muziki wangu kwa pua, wote, hadi arobaini,
halafu hunyamaza,
kwa heshima.

Jumanne umeme ulikatika.
Nikaendelea gizani kwa uvivu wa kutafuta mshumaa.
Mikono haikuniuliza kitu. Ilipita.
Niligundua nikiwa kipimo cha arobaini na nne,
kama mtu aliyekwisha kumpita mbwa mkali
ndipo akakumbuka kuogopa.
Nikaacha. Sikuthubutu kurudia.
Friji za jengo zima zilikuwa kimya,
hata mtoto wa jirani, hata mto Rioni kule nyuma,
kisha bomba:
ngo, ngo, ngo.

Asubuhi, kwenye lifti, Vazha aliapa kwamba alikuwa amelala.
Lamara bado alikuwa Zestafoni; nilimpigia simu, alikuwa akiweka pilipili kwenye siki,
akataka kujua tu kama kidole cha nne kimeamka.
Nikatumbukiza sarafu. Lifti ikashuka,
ikasita kati ya nne na tatu kama kawaida yake,
ikashuka.

Usiku, taa zikiwaka, nilijaribu tena.

Ngo.