Nguzo ya Darasa la Saba, Khayega

Utepe wa kwanza wa shaba uling'olewa usiku,
ukapimwa kwa kilo, vyuma chakavu.
Huu wa pili Fundi Lisutsa ameuficha:
nyuma ya mfereji, ndani ya nguzo,
plasta, kisha rangi ya krimu, basi.

Mwalimu Khavere akamuuliza, "Radi itaijuaje njia?"
"Mwenye kuhitaji macho ni mwizi."

Saa tisa alasiri mbingu ikapasuka.
Tulijikunyata chini ya madawati.
Nguzo haikusema kitu;
huko chini, shimo la makaa na chumvi
likameza.

Kalenda ya shule ingali mezani, imekunjwa.
Hakuna anayepigilia msumari kwenye nguzo ile,
wala anayemwambia mgeni sababu.
Mvua ikianza
tunaitazama, halafu upesi
tunatazama pengine.