Rejeta, Kabla ya Msimu

Maji yalianza kuvuja mwezi wa Rajabu,
tone moja, kisha jengine,
kwenye beseni nililoliweka chini ya pua ya gari.
Asubuhi beseni limejaa rangi ya kutu
na kuku wa jirani anayatazama kwa shaka.

Gari hili ni nyumba.
Baba alilinunua mnadani, Wete, lilipokuwa la wagonjwa,
akang'oa machela, akapigilia vitanda viwili vya mvinje,
jiko la mafuta nyuma ya kiti cha dereva,
pazia la maua, msumari wa kutundikia pakacha.
Kila msimu tulihamia ndani yake,
Mtambwe, Ole, Kengeja, popote alipokodi mikarafuu,
tukilala sita, miguu kwa vichwa,
nguo zetu zikinuka karafuu mpaka skuli zifunguliwe.

Fundi Mbarouk keshahamia Maskati.
Yule wa Chake alitaja bei, nikacheka, naye akacheka,
kila mtu akarudi kwake.
Basi nikasema: mimi Chumu binti Faki,
mkunga wa miaka thelathini na moja,
niliyezalisha pacha kwa mwanga wa simu,
nishindwe kutoa bati lenye maji?

Mpya imekuja na meli, Mkoani,
ndani ya gunia la vitunguu,
jina langu limeandikwa kwa mkaa.
Si mpya, nisidanganye. Mpya kwangu.

Nilifungua kizibo cha chini injini imepoa tangu jana,
maana maji ya rejeta hayabishi hodi.
Yakatoka meusi, kisha ya manjano.
Manjano hasa, ya mchuzi!
Baba alikuwa akitia bizari humo kuziba matundu,
vijiko vitatu na Bismillahi,
na mama akiuliza kila wiki bizari inakwenda wapi.

Mpira wa juu ulitoka kwa kisu.
Wa chini ukagoma, ukakubali, ukanimwagia kifuani.
Bolti tatu zilifunguka. Ya nne ikakatika kichwa,
nikatoa tusi ambalo sikujua ninalo,
na Khatib, mtoto wa dada yangu, mshika tochi,
akaupeleka mwanga juu angani kwa adabu.

Tukaitoa. Nzito kama mtu aliyelala.
Katikati ya mapezi yake, mbawa za panzi,
majani, na makonyo ya karafuu
ya misimu ambayo sote sita tulikuwa hai.
Nikavunja konyo moja kwa ukucha.
Bado linanuka.

Ile mpya haikuingia.
Matundu ya kushoto sawasawa, ya kulia yamekosana vidole viwili.
Nilikaa mchangani mpaka alasiri ikaadhiniwa,
nikaenda kusali, nikarudi, vidole ni vilevile viwili.
Ndipo nikakata ndara kuukuu, nikatoboa kipande cha bati,
nikaunga, nikafunga.
Ikakaa. Upande kidogo,
kama kofia ya bwana harusi aliyechelewa.

Kujaza maji si kazi ya mwenye haraka:
mimina, ngoja, minya mpira, acha lipande povu, mimina.
Hewa ikibaki humo itakuongopea,
mshale umetulia na kichwa cha injini kinaungua.
Nimewaona wagonjwa wa namna hiyo,
wanaosema "sijambo" mpaka dakika ya mwisho.

Nikawasha. Mshale ukapanda, ukapita robo.
Nikagusa mpira wa chini: baridi.
Khatib kanyamaza. Mimi nimenyamaza.
Nikagusa tena, nikaacha kiganja palepale,
na joto likaja polepole,
kama mkono wa mtu anayezinduka.

Usiku sikuliondoa beseni.
Asubuhi ni kavu, na kuku kajilaza ndani yake.
Kichwa cha bolti ya nne kimo mfukoni mwangu.
Kopo la bizari nimelirudisha nyuma ya kiti, pale pale.
Mama aliuliza miaka yote.
Nami nilijua leo.