Folio ya Sitini na Mbili

Simu haikutisha. Kwanza ilinisalimia,
ikauliza mguu wa mama unaendeleaje,
kama uwele wa Hombolo mwaka huu umejaza ghala.
Ikanisifu. Ikasema huko juu jina langu linatajwa.
Mwishoni kabisa, kama mgeni aliyesahau mwavuli mlangoni,
ikasema: "Lile jalada la visima, Wakili Chidosa,
liangalie kwa jicho la busara."

Busara. Neno lenye viganja laini.

Nimefunga dirisha. Agosti hapa Dodoma vumbi halibishi hodi,
linaingia kwenye chai, kwenye kola,
hata mihuri yetu inapiga wekundu wa udongo.

Folio ya kumi na mbili: picha ya kisima.
Shimo la kina cha kiuno, mbuzi kasimama ndani yake.
Folio ya kumi na tatu: hati ya malipo. Mita mia na ishirini,
pampu, sola, tangi, "kazi imekamilika kwa kuridhisha."
Folio ya thelathini: maelezo ya Ndahani Mgoli, mtunza stoo,
aliyekataa kusaini mabomba asiyoyaona.
Walimhamishia lindo la usiku. Akahama na daftari lake.
Mara nne ametoka Bahi juu ya lori la mpunga,
mara nne tumemwambia kesi imeahirishwa, rudi tarehe fulani.
Hukunja hati ya wito, akaisokomeza kwenye soksi, kimya.
Mara ya nne alisema: "Nauli mimi naimudu.
Ninyi je, safari hii mnaimudu?"

Sasa fomu iko mezani, imechapwa na mtu nisiyemjua,
mstari mmoja, na nukta nukta za saini:
Jamhuri haina nia ya kuendelea na shauri hili.

Siyachukii maneno hayo. Nisidanganye.
Niliwahi kuyasema kwa mdomo huuhuu, kwa furaha:
kijana Masinga, mchungaji, miezi minane Isanga
kwa ng'ombe aliyerudi mwenyewe zizini.
Nilisimama, nikasema Jamhuri haina nia,
na mama yake pale benchini akalegea
kama gunia lililokatwa kamba.
Siku ile nilijua kalamu hii nimepewa ya nini:
kufungua mlango uliofungwa kwa makosa.
Leo, kwa kalamu ileile, naombwa
niushikilie mlango wazi, watu wapite na pampu.

Na Jamhuri ni nani, hata isemewe kwamba haina nia?
Mchana nilipita soko la Majengo, nikaitazama.
Inapima karanga kwa kopo, inagombania chenji,
ina mtoto mgongoni, ina ndoo kichwani,
inauliza dumu la maji leo shilingi ngapi.
Nia ilikuwa nayo.

Bosi alikuja saa kumi na moja, wengine wameshaondoka.
Hakukaa. Alishika mgongo wa kiti.
"Nyemo, mimi nimebakiza miaka miwili nistaafu."
Basi. Hakutaja busara, na kwa hilo nitamheshimu.

Najua uamuzi wa mwisho si wangu.
Wanaweza kunipa barua ya uhamisho kesho asubuhi,
akasimama mwingine, tai imekaa sawa,
akausoma ule mstari bila kumeza mate.
Lakini ukurasa ukishapewa namba,
kuung'oa kunaacha pengo, na pengo nalo husomeka.

Fomu nimeirudisha kwenye bahasha, haina saini.
Kisha folio ya sitini na mbili,
kwa mwandiko wangu mbaya:

Nimepitia ushahidi wote. Unatosha.
Sioni sababu ya kisheria ya kuiondoa kesi hii.
Shahidi wa tatu asirudishwe tena.

Jina. Tarehe. Saa kumi na mbili na dakika kumi.

Umeme umekatika mpaka Mlimwa.
Simu inaita tena, inajizungusha mezani
kama mende aliyepinduka.
Naipapasa kamba ya jalada gizani.
Napiga fundo. Naongeza la pili.